Uzito Usiosikika: Gari la Umeme la Safu Tatu

Kwa muda wa miaka kumi hivi sasa watengenezaji wa magari wa Marekani, Ulaya na Korea ya Kusini wamekuwa wakishindana kuunda gari la namna ya pekee: kubwa, lililoinuka, lenye safu tatu za viti kwa ajili ya familia nzima, nalo liendeshwe kwa umeme mtupu bila ya tone la petroli. Tesla ya Marekani ndiyo iliyotangulia mwaka 2015 kwa gari lake la Model X, ambalo bei yake ilikuwa ya wenye nacho. Mwaka 2023 Kia ya Korea ya Kusini ikatoa lake liitwalo EV9, na mwaka uliofuata waandishi wa habari za magari kutoka nchi mbalimbali wakalichagua kuwa gari bora la dunia la mwaka 2024. Huko Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 54,900. Hiyo si bei ya mnyonge, lakini pia si bei ya wafalme peke yao.

Tunalitazama gari hili leo, ndugu msomaji, si kwa ajili ya tuzo yake, bali kwa kuwa linadhihirisha jambo linalomhusu kila atumiaye barabara, awe amo ndani ya gari au yuko kando ya njia. Jambo lenyewe ni uzito, na jinsi ufundi wa kisasa unavyomfichia dereva uzito huo.

Kwanza tulifahamu gari lenyewe. Urefu wake ni mita 5 na ziada kidogo, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.1. Chini ya sakafu yote imelazwa betri kubwa yenye kuhifadhi kilowati-saa 99.8, yaani uniti 100 hivi za umeme kwa hesabu ya mita za majumbani. Betri hiyo peke yake ina uzito wa zaidi ya nusu tani. Gari lenye mota mbili, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, hufikia takriban tani 2.6 kabla hajaingia mtu. Mpakie humo baba, mama, bibi na watoto wanne, pamoja na mizigo yao ya safari, nawe utakuwa umekaribia tani 3.

Mtu angetazamia kwamba chombo cha uzito huo kitajikokota kama lori la magunia. Sivyo kabisa. Dereva haoni ufunguo wa kuzungusha wala hasikii injini ikinguruma. Kitufe cha kuwashia na kishikio cha kuchagulia mwendo vimewekwa pamoja kwenye mkono mfupi ulio ubavuni mwa usukani, naye huuzungusha kwenda mbele au kurudi nyuma. Agusapo kanyagio la kulia (madereva wetu husema “kukanyaga mafuta”, na itabidi siku moja tutafute usemi mwingine, maana mafuta hayamo) gari huondoka papo hapo bila ya kusita. Sababu yake ni kwamba mota ya umeme hutoa nguvu yake kamili ya kuzungusha tangu inapoanza, ilhali injini ya petroli sharti ipande kwanza mizunguko yake na kupita gia moja baada ya nyingine. Mota mbili za EV9 zina nguvu ya kilowati 283, na toleo lake la juu hutoka kusimama hadi mwendo wa kilometa 100 kwa saa katika muda wa sekunde 5.3. Zamani muda wa namna hiyo ulikuwa wa magari ya michezo yenye viti viwili, si wa gari linalobeba bibi na mikoba yake.

Penye kona nako mambo ni hayo hayo. Kwa vile sehemu nzito kupita zote imelazwa chini, kitovu cha uzito kimeshuka, na gari halilali upande kama kimo chake kinavyotisha. Usukani ni mwepesi, na hapa sisi tunaona pana kasoro, maana wepesi huo humpendeza dereva mjini lakini haumwelezi mengi juu ya yale ambayo matairi yanapambana nayo chini. Springi zimelainishwa, na katika baadhi ya matoleo shokamzoba za nyuma hujisawazisha zenyewe mzigo unapozidi, ili mkia usichuchumae. Kinachosikika katika barabara kuu ni upepo kidogo na mvumo wa matairi, basi.

Lakini penye ufundi mkubwa zaidi ni katika kusimama. Dereva anapoondoa mguu, ile mota iliyokuwa ikisukuma magurudumu hugeuka ikawa ni dainamo: magurudumu sasa ndiyo yanayoizungusha yenyewe, umeme unarudi katika betri, na gari linapungua mwendo. Nyuma ya usukani mna vijiti viwili vya kuchagulia ukali wa upunguaji huo, na katika daraja la mwisho gari husimama kabisa bila ya breki ya kawaida kuguswa. Tufanye hesabu ndogo. Gari la tani 2.6 likiwa katika mwendo wa kilometa 100 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ipatayo megajuli moja, ambayo ni zaidi kidogo ya robo ya uniti ya umeme. Katika gari la petroli nishati hiyo yote huteketea kuwa joto katika vyuma vya breki. Hapa sehemu yake kubwa hurudi ghalani. Ni akiba ya kweli, hasa katika mitaa ya miji ambamo gari husimama na kuondoka kila mara.

Ama kuhusu abiria, tusipoteze maneno mengi. Sakafu ni bapa tupu, na hata mtu mzima huweza kuketi safu ya tatu kwa safari ya kadiri bila ya kukunja magoti mpaka kidevuni. Safu hiyo ikitumika, buti hubakiwa na lita 333 tu. Ikilazwa, hupatikana lita 828. Familia ya watu saba inayokwenda mbali itachagua kati ya sanduku na shangazi.

Turudi kwenye megajuli yetu. Gari dogo la saluni lenye tani 1.3, katika mwendo ule ule, hubeba nusu yake. Mota iliyo kimya na usukani mwepesi havibadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Vinachokibadilisha ni hisia za dereva. Katika gari zito la zamani injini ilipiga kelele, bodi ikayumba, breki zikanuka moto, na kila moja ya dalili hizo ilimwambia dereva apunguze. Gari hili limeziondoa dalili karibu zote na kuuacha uzito mahali pake.

Mwezi Januari 2023, Bi. Jennifer Homendy, mwenyekiti wa halmashauri ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, alionya hadharani juu ya uzito wa magari mapya ya umeme na hatari yake kwa watumiaji wote wa barabara. Mfano alioutoa ulikuwa wa Hummer ya umeme, yenye zaidi ya tani 4. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln walilisukuma gari la umeme la Rivian R1T, lenye zaidi ya tani 3, kwa mwendo wa karibu kilometa 100 kwa saa likigonge kizuizi cha chuma kama vile vilivyotandazwa kando ya barabara kuu za nchi hiyo. Gari lilikipasua na kupita, bila ya kupungua mwendo sana, mpaka likasimamishwa na ukuta wa zege uliokuwa nyuma yake.

Haki itendeke: EV9 ni jepesi kuliko Rivian ile, na petroli nayo ina mazimwi yake, kwani Chevrolet Suburban la injini lina uzito kama wa EV9 au kuupita. Hata hivyo, vizuizi vya Marekani hupimwa kwa gari la mizigo lenye kilo 2,270. EV9 tupu imekwisha kupita kipimo hicho.

Walio ndani wamekingwa vizuri. Katika majaribio ya Euro NCAP ya mwaka 2023 gari hili lilipata nyota zote tano. Swali ni la yule aliye nje: aendaye kwa miguu, mwenye baiskeli, na mwenye kigari kidogo cha mtumba. Sheria za Ulaya zinayalazimu magari ya umeme yatoe sauti ya kutengenezwa hadi mwendo wa kilometa 20 kwa saa, ili asiyeona apate kuyasikia. Hilo ni jema, nalo linamwonya mtu kwamba gari linakuja. Halimwambii ni zito kiasi gani.

Wakazi wa Paris walilijibu suala hili kwa njia yao. Mwezi Februari 2024 walipiga kura, na ingawa waliojitokeza walikuwa wachache mno, asilimia 54 kati yao walikubali wageni wenye magari mazito watozwe mara tatu ya ada ya kuegesha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ada hiyo ni euro 18 kwa saa katika wilaya za kati za mji. Magari ya petroli huingia katika tozo hiyo yanapofikia tani 1.6, na ya umeme yanapofikia tani 2. Gari letu hili, pamoja na usafi wake wote wa moshi, limo.

Mnunuzi naye ana la kuchagua. EV9 hutengenezwa pia kwa mota moja tu ya nyuma, yenye kilowati 150, ambayo hufika kilometa 100 kwa saa katika sekunde 9.4. Mwendo huo, kwa maoni yetu, unatosha na kubaki kwa chombo kinachopeleka watoto shuleni. Toleo hilo ni jepesi kidogo, na kwa betri ile ile hupimwa kuwa linakwenda hadi kilometa 563 kwa chaji moja, dhidi ya 505 za lile la juu lenye mota mbili. Anayetaka kukokota tela zito ndiye mwenye hoja ya kudai mota ya pili, kwani lenye mota moja limeruhusiwa kuvuta kilo 900 tu, na lenye mota mbili kilo 2,500.