Nguo za Utambulisho Mbale: Kushona, Kununua au Kukodi?

Msimu wa utambulisho, sherehe za kuwatambulisha wachumba kwa familia, ukifika, familia za Mbale, kuanzia mjini hadi vijiji vya mlima Wanale, huumizwa kichwa na jambo moja: nguo. Wengine hushona kila kitu wakabaki na deni. Wengine hukodi kila kitu wakabaki mikono mitupu. Njia bora ni kumpangia kila mtu kulingana na mara atakazolivaa vazi lake.

Gomesi ya kushona

Gomesi, vazi la heshima la wanawake, ilianza mwaka 1905 hivi, kwa mkono wa fundi Mgoa, Caetano Gomes, aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza. Kutoka Buganda ikaenea Busoga na Bugisu. Inakula kitambaa, hata mita 6, kwa hiyo kitambaa ndicho kinachoamua bei. Pamba ni nafuu, hariri na kitani viko juu. Ongeza mshipi, kikoi cha kufunga ndani, na ujira wa fundi.

Kabla ya kumaliza kulipa, ikague. Bonyeza mabega: yakishonwa vizuri, husimama tena. Tazama vile vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo ya mraba, kama vimekaa sawa na tundu zake. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa kwenye mishono, ili mwili ukiongezeka gomesi ipanuliwe.

Gomesi ya kukodi

Hapa unalipa ada na kuweka amana. Andikianeni siku ya kurudisha, madoa yaliyopo tayari, na kiasi kitakachokatwa ikichanika. Kisha piga hesabu: ada ikiwa robo ya gharama ya kushona, ukiikodi mara 4 umeshalipa gomesi nzima, na kabatini huna kitu. Bibi harusi anayebadilisha nguo mara kadhaa siku hiyo hiyo akodi zile za kubadilisha.

Kanzu

Mshono wa kanzu, vazi la wanaume, ni mwepesi na hauhitaji kupimwa sana mwili, kwa hiyo kuinunua ni afadhali. Mwanamume ataivaa tena kwenye utambulisho wa ndugu zake. Angalia nakshi za rangi ya damu ya mzee kifuani: nyuzi zikichuja rangi, hutia doa kwenye kitambaa cheupe. Koti atumie alilonalo.

Uamuzi wetu

Mama, shangazi na bibi harusi washonewe gomesi moja moja nzuri, ya kuvaliwa miaka. Wasindikizaji wakodi. Wanaume wanunue kanzu.

Wala msikope kwa ajili ya mahari au mapambo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kutoa mahari hakukiuki katiba, lakini kudai yarudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo mtoe mnachoweza kukiaga kabisa.

Na kabla ya kulipia hema la pili, tengeni pesa za kusajili ndoa yenu ya kimila. Sheria inawapa miezi 6 baada ya sherehe, mkiwa na mashahidi wasiopungua wawili. Nguo itachakaa, cheti ndicho kitakachomlinda mke na watoto siku ya kugawana ardhi. Nendeni mkakichukue.