Mabao matano yalivyomkuta Guangzhou na mishkaki mkononi

MFANYABIASHARA huyu wa nguo wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hana shida ya kuongea na gazeti. Sharti lake ni moja tu, jina lisiandikwe. Nikadhani ni mambo ya kodi.

"Kodi nalipa," anasema huku akikunja jinzi. "Ni zile tano, kaka. Hapa mtaani kuna watu nimewaambia usiku ule nilikuwa nimelala."

Hakuwa amelala. Jumapili ya Novemba 5, 2023, Simba ikiwa mwenyeji wa Yanga Uwanja wa Benjamin Mkapa, yeye alikuwa Guangzhou, China, ameshika mshikaki wa kondoo ambao hakuumaliza.

Wenye maduka Kariakoo wanaijua Guangzhou kama wanavyoijua Msimbazi. Mwaka ule maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yalimalizika Novemba 4, na jamaa alikuwa amebaki ili akamilishe mzigo wa nguo kwenye soko la Baima, karibu na stesheni ya treni. Hakuwa peke yake. Alisafiri na jirani yake wa maduka matatu kutoka lake, ambaye huwa wanachangia kontena moja. Jirani ni Yanga wa kuzaliwa. Yeye ni Simba, mtoto wa mwanachama wa Simba, mzee aliyeanza kuishangilia ikiitwa Sunderland, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1971.

Kuhusu chakula, anasema safari ya kwanza aliteseka kwa sababu ya kichwa chake mwenyewe. Asubuhi aliletewa uji wa mchele akauongeza sukari, kumbe una chumvi na vipande vya samaki. Miguu ya kuku, ile ambayo Dar tunainunua kwenye karai jioni kwa mtu wa pembeni ya barabara, kule aliikuta mgahawani ndani ya kikapu kidogo cha mianzi, imepikwa kwa mvuke, laini kiasi kwamba mifupa inaachia yenyewe mdomoni. "Nilicheka. Nimepanda ndege saa zote zile kwenda kula miguu ya kuku!"

Lakini jirani yake ni Mwislamu, kwa hiyo wakiwa pamoja wanakula kwa Waislamu wa China, kwenye migahawa ya tambi ya eneo la Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia. Mlangoni kuna maandishi ya Kiarabu. Ndani mpishi anachukua donge la unga wa ngano, analivuta, analikunja, analivuta tena, mpaka linakuwa nyuzi za tambi mbele ya macho yako. Kisha kuna mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili ya unga. Harufu yake, anasema, ukifumba macho unajiona uko Kariakoo jioni.

Sasa kwa Kichina kondoo ni yang, na nyama yake ni yangrou. Jirani ndiye aliyemfundisha neno hilo, kosa ambalo alilijutia kwa saa moja na nusu hivi. Jamaa aliagiza mishkaki kumi. Akatangaza mgahawa mzima usikie, "Leo Simba anakula Yang!" Wenyeji hawakuelewa kitu, wakacheka tu kwa kuwa yeye anacheka.

Kiburi kilikuwa na sababu. Aprili mwaka huo Simba ilikuwa imeshinda 2-0 kwenye ligi, na Agosti ikabeba Ngao ya Jamii kule Tanga kwa penalti, mbele ya Yanga hiyo hiyo. Juu ya hapo kulikuwa na ile 5-0 ya Mei 2012, ambayo mzee wake alikuwa anaikumbushia kila Mwana-Yanga aliyepita barazani. Wakawekeana ahadi kwamba atakayefungwa atalipa chakula.

Mechi ilianza saa 11 jioni Dar, Guangzhou ikiwa saa 4 usiku. WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli kule, hivyo alitumia WeChat, ile anayoongea nayo na wenye viwanda. Nyumbani Ilala mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliiegemeza simu kwenye jagi, ikatazama runinga. Mzee alikuwa kwenye kochi pembeni, haonekani, anasikika akikohoa.

Tatizo likawa picha kuchelewa. Jirani alikuwa na laini yake ya Dar inayopokea meseji za kundi la Wananchi, na meseji zilifika kabla ya picha. "Nilikuwa naangalia uso wake, siyo simu. Uso ukibadilika, najua." Dakika ya tatu uso ukang'aa, Kennedy Musonda. Dakika ya tisa ukasinyaa, Kibu Denis kasawazisha. Mapumziko 1-1, na hapo ndipo ilipoletwa dapanji, yaani kuku wa sahani kubwa, kapikwa na viazi na pilipili, chini kuna tambi pana zinazonyonya mchuzi. Inaliwa kwa pamoja, kama sinia la pilau la shughuli. Simba na Yanga wakainamia sahani moja.

Dakika ya 64, Maxi Nzengeli. Dakika ya 73, Aziz Ki. Dakika ya 77, Maxi tena. Jirani aliacha kushangilia baada ya la tatu. Anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtani akikuzomea unamjibu, lakini mtani aliyeinama anachambua kuku kimya kimya utamjibu nini? Dakika ya 87 Pacome Zouzoua akafunga kwa penalti. Tano moja.

Simu ikatikisika, picha ikageukia dari. "Mjomba, babu anasema nizime." Halafu sauti ya mzee kwa mbali: "Mwambie ale. Yuko ugenini, ale. Hizi atuachie sisi."

Akajaribu. Viazi vikagoma kushuka. Alipoinuka kwenda kulipa, mhudumu akamwonyesha simu, kwamba imeshalipwa. Jirani alikuwa nje anavaa koti. Mpaka leo jamaa hajui kama ile ilikuwa huruma au dharau, na hajauliza.

Kesho yake Baima, muuzaji wa mashati alimwonyesha bei kwa mkono, vidole vitano vyote wazi. Akahamia duka la pili.

Mzee alifariki Machi 2024. Watani walikutana tena Aprili 20 na Yanga ikashinda 2-1. "Hiyo hakuiona," anasema, akiweka jinzi juu ya nyingine. "Ya mwisho aliyoiona ndiyo ile, mimi nikiwa kwenye simu iliyoegemea jagi."

Kontena bado wanachangia. Mwezi wa kumi wanaondoka tena, na mgahawa ni ule ule. Mishkaki, anasema, ataagiza ya kuku.