Utangulizi wa Nadharia ya Rezo

Kama umekulia Kakontwe, karibu na machimbo ya chokaa, au popote Katanga, itifaki unaijua hata kama jina lake ni geni kwako. Kabla ya simu za mkononi, misheni na wafanyabiashara wa Zaire waliongea kwa foni, yaani redio ya mawasiliano. Anayeita alitaja kituo anachokitaka, akataja na chake, akangoja kuitikiwa. Akimaliza alisema "à vous" (zamu yako), maana wawili wakiongea kwa mpigo hasikiki hata mmoja. Idadi ya magunia ilisomwa tarakimu moja moja, na mpokeaji akairudia yote. Ikikosewa, wakaanza upya.

Kuitana, kupeana zamu, kuthibitisha, kurudia: hayo ndiyo yatakayotushughulisha. Wengi hudhani somo hili la rezo, yaani mitandao ya mawasiliano, ni la nyaya na minara. Mimi naliona kuwa somo la mapatano, yanayohitajika kwa sababu njia yenyewe haiaminiki. Mwaka 1948 Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba hata njia yenye kelele hupitisha ujumbe karibu bila kosa, mradi kasi isizidi uwezo wa njia hiyo. Miaka ya 1960 Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walipendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo vyenye anwani. Mfaransa Louis Pouzin, ambaye vitabu vingi humpita kimya, aliviacha vipande hivyo visafiri ovyo, mashine za mwishoni zivipange. Vinton Cerf na Robert Kahn wakaandika mwaka 1974 namna ya kuunganisha rezo za aina mbalimbali: kipande kikipotea njiani, si kazi ya njia kukitafuta, aliyekikosa hakikiri kukipokea, na aliyekituma hukituma tena.

Nadharia hiyo huuma inapokutana na umbali. Kabla kebo ya baharini ya WACS haijafika Muanda, pwani ya Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, intaneti ya Kongo kwa sehemu kubwa ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kipande hupanda na kushuka, jibu lake nalo hupanda na kushuka: ni karibu nusu sekunde, na hakuna fundi wa kuipunguza, kwa kuwa mawimbi tayari yanakwenda kwa kasi ya mwanga. TCP ya awali, itifaki iliyotokana na kazi ya Cerf na Kahn, ilimruhusu mtumaji kuwa na baiti zisizozidi 65,535 njiani kabla ya kuthibitishiwa. Piga hesabu: baiti hizo ni biti 524,280, na kila nusu sekunde unapata fungu moja tu, yaani takriban megabiti 1 kwa sekunde. Nunua antena kubwa utakavyo, lipia mega utakazo, kwa kanuni hiyo faili moja halitapita hapo. Ilibidi kanuni yenyewe irekebishwe, mwaka 1992.

Upande wa pili wa somo ni umbo la rezo. Nadharia ya Karl Menger ya mwaka 1927, ikielezwa kwa viungo, husema kwamba idadi kubwa kabisa ya njia zisizochangia kiungo kati ya vituo viwili ni sawa na idadi ndogo kabisa ya viungo vinavyotosha kukatwa ili vituo hivyo vitengane. Mfano: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo iliamuru intaneti izimwe, na ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Watu waliuliza: si tuliambiwa intaneti hujitafutia njia nyingine? Hujitafutia, kama ipo. Kampuni za intaneti zilikuwa chache, kwa hiyo amri chache zilitosha. Kwangu hilo ni swali la Menger kabla halijawa la siasa.

Hisabati ya sekondari inatosha: logi, na uwezekano kidogo. Zoezi la kwanza halihitaji hata hizo. Chora vituo vinne: Kakontwe, katikati ya mji wa Likasi, Lubumbashi iliyo kama kilomita 120 kutoka hapo, na mpaka wa Kasumbalesa. Unganisha kwa njia unazozijua, kisha tafuta ni ngapi lazima zikatwe ili Kakontwe ibaki peke yake.