Kitufe cha Kuzungusha Kwenye Kikaushio

Wanachama wetu, vuli haina ahadi na majamvi, ndiyo maana tukatengeneza kikaushio kidogo cha majaribio. Wengi wenu mliona namba za joto zikirukaruka, mkacheka. Twajibu.

Kitufe kile cha kuchagulia joto huitwa enkoda. Ndani yake mna swichi mbili, nayo kompyuta ndogo ya Arduino, aina iliyoanza Ivrea, Italia, mwaka 2005, hutazama ipi imebadilika kwanza, ndipo ijue umezungusha kulia au kushoto. Tuliunga waya wa CLK pini ya 2, DT pini ya 3, + kwenye volti 5, na GND kwenye GND. Programu ihesabu kila CLK inaposhuka.

Mzunguko mmoja wa kitufe chetu ni hatua 20. Sisi tulipata zaidi ya 30! Vyuma vya swichi hudunda kabla ya kutulia. Si mchezo huu: ukitaka nyuzi 45 ukapewa 60, mafuta ya karafuu hupaa, na bei hupaa nayo. Tukaiamuru programu isihesabu badiliko linalokuja kabla ya milisekunde 2 kupita. Zikatulia.

Kulia kukipunguza namba, badilishaneni waya za CLK na DT. (Katibu alihangaika siku nzima kwa hilo.)

Kikaushio kipo ofisini, Jumamosi asubuhi. Njooni mkizungushe.