Mozaiki ya nje huanza kufa mgongoni

Mtu anayetaka kupamba ukuta wa shule, kibaraza au meza ya bustani kwa vipande vya vigae huhangaika zaidi na rangi. Atazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi kuomba vigae vilivyovunjika, atakusanya sahani zilizopasuka na chupa za kijani na za buluu, atauchora mchoro wake na kuufuta mara kadhaa mpaka aridhike. Kitu cha kubandikia hayo yote huamuliwa dakika za mwisho, na mara nyingi huwa ni kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kazi nyingine. Hapo ndipo kazi inapoharibika kabla haijaanza. Kigae kilichoiva vizuri tanurini hakiozi, kioo hakiozi, na rangi iliyomo ndani ya kioo haipauki kwa jua. Kinachoshindwa na masika ni kile kilicho nyuma yake, yaani mgongo wa mozaiki. Ndiyo maana nasema bajeti ya mozaiki ya nje ianzie mgongoni, na kwamba mbao, za aina yoyote ile, zisitumike kabisa.

Wengi huamini kwamba vigae vikishapangwa na mianya ikishajazwa saruji, maji hayana pa kupita. Si kweli. Saruji ya kujazia mianya hunyonya maji, na mozaiki ina mianya mingi kuliko sakafu ya kawaida kwa sababu vipande vyake ni vidogo. Maji hupenya taratibu, hufika nyuma ya kigae na kukaa huko ambako jua haliyafikii. Yakikuta mbao, mbao huvimba. Kiangazi kikirudi, husinyaa. Ubao wa mti wenye upana wa mita moja unaweza kutanuka zaidi ya milimita 10 kati ya majira makavu na majira ya unyevu, ilhali kigae kilichobandikwa juu yake hakitanuki kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Plaiwudi hutanuka kidogo kuliko hivyo, lakini ina udhaifu wake: matabaka yake huanza kuachana kwenye kingo. Kwanza kona hufura, kisha ufa mwembamba kama unywele hujitokeza katikati ya vigae viwili. Ukigonga kigae kilicho karibu na ufa huo kwa kifundo cha kidole, kinatoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Kigae hicho kimeshaachia, kinangoja tu mvua nyingine. Ubao wa MDF hauhitaji hata msimu mzima kufika hapo. Na katika nchi zetu kuna mchwa, ambao hawangoji mvua.

Watetezi wa mbao wana jibu, nalo ni la kusikilizwa. Wanasema ipo plaiwudi ya kutengenezea boti, na kwamba ikipakwa vanishi pande zote na kwenye kingo, maji hayataingia. Ni kweli gundi inayoshika matabaka ya plaiwudi hiyo haiyeyuki kwa maji, lakini mti ulio kati ya gundi na gundi unabaki kuwa mti. Nayo vanishi hutobolewa na kila skrubu inayopigwa. Wanaovitaja vyombo vya baharini kama ushahidi wasahau kidogo kuvitazama vikiwa majini, wavitazame vikiwa nchi kavu. Jahazi hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hukalafatiwa na kupakwa deheni upya, tena na tena, maisha yake yote. Mbao zake hudumu kwa sababu mkono wa binadamu unazifikia kila zinapohitaji. Mozaiki hairuhusu jambo hilo. Ukishafunika uso wa ubao kwa vigae, huwezi tena kuupaka chochote upande ule ule unaonyeshewa.

Ushahidi wa upande wa pili tunao hapa hapa pwani. Kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwenye kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, mafundi wa Kiswahili walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China kwenye lipu ya chokaa iliyopigwa juu ya mawe ya matumbawe. Kazi hizo zimepitia karne kadhaa za kusi na kaskazi. Pale Kunduchi sahani nyingi hazipo tena, ila ziling'olewa na watu. Chokaa imebaki na mashimo ya mviringo yanayoonyesha kila sahani ilikaa wapi. Mgongo ule ulifaa kwa sababu zinazoeleweka. Chokaa ya pwani ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yale yale, hivyo lipu na jiwe ni vitu vya asili moja, vinanyonya maji kwa namna moja na kuyatoa kwa namna moja, na havivimbi. Simshauri yeyote leo aende kuchoma matumbawe, maana bahari inayahitaji kuliko kuta zetu. Kanuni ya mafundi wale ndiyo ninayoitetea: nyuma ya kigae kuwe na kitu cha jamii ya mawe, kisichovimba, na kinachoacha maji yatoke.

Ukuta mzuri wa tofali za saruji uliopigwa lipu unatosheleza kanuni hiyo bila gharama ya ziada. Ugumu unaanza pale mozaiki inapotakiwa kuwa kipande cha peke yake, cha kutundikwa au kuhamishwa. Jibu la kwanza la fundi huwa ni bamba la zege lenye nondo ndani, na hapa nataka tuwe waangalifu. Katika karne ya 20 mozaiki nyingi za Kirumi zilizochimbuliwa kuzunguka Mediterania zilinyanyuliwa kutoka kwenye chokaa yake ya asili zikamiminiwa zege lenye nondo mgongoni, kwa imani kwamba sasa zimepona. Nondo zikashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege likapasuka kutoka ndani na kupasua picha. Wahifadhi wa leo hutumia muda mwingi kulikata zege hilo kidogo kidogo na kuliondoa, wakirudisha chokaa au kuweka mabamba mepesi ya kisasa. Jijini Los Angeles kuna minara ya Watts aliyoijenga Simon Rodia kati ya 1921 na 1954 kwa chuma, wavu na saruji, akaipamba kwa vigae, chupa na makombe ya baharini. Minara ingali imesimama, na ni kazi ya ajabu, lakini nyufa zake huzibwa na kuzibwa tena, kwa sababu maji yakipita kwenye ufa hufika kwenye chuma. Kwenye upepo wa chumvi wa Tanga, Mombasa au Unguja hali hiyo haiwezi kuwa nafuu.

Kwa hiyo zege ndiyo, nondo hapana, kwa kipande cha ukubwa wa kawaida. Badala ya nondo tumia wavu wa faibaglasi uliotengenezwa kwa ajili ya saruji, ambao haushiki kutu. Jijini Mexico City, Juan O'Gorman alifunika maktaba kuu ya chuo kikuu kwa mozaiki ya mawe ya rangi ya karibu mita za mraba 4,000 katika miaka ya 1950. Kazi hiyo ilitengenezwa kwa mabamba ya zege yaliyopangwa moja baada ya jingine, na mpaka leo ingali inatazamwa. Kilichobaki ni uzito. Bamba la zege la mita moja ya mraba na unene wa sentimita 4 lina karibu kilo 95, mzigo ambao watu wawili hawauinui kwa usalama. Ubao wa saruji, ule unaouzwa kwa ajili ya kuta za bafu na nje, wenye unene wa milimita 12, una kilo kama 15 hadi 20 kwa eneo hilo hilo. Huo ndio ninaoupendekeza kwa kazi ya kutundika. Usichanganywe na ubao wa jipsamu, unaofanana nao dukani lakini hulainika ukiloana. Wala mtu asikate paa kuukuu la asbesto kwa sababu linapatikana bure: vumbi lake husababisha saratani, na hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Wapo wanaopendelea bamba la alumini, kwa kuwa halishiki kutu kama chuma na ni jepesi. Tatizo lake ni jua. Joto likipanda kwa nyuzi 40, jambo la kawaida kwa kitu cheusi kilichoanikwa adhuhuri, mita moja ya alumini hutanuka karibu milimita 0.9, zege milimita 0.4, na kigae kama milimita 0.3. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hurudiwa kila siku, na gundi ndiyo inayovutwa huku na huku mpaka ichoke.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. Ubao wa saruji ni ghali kuliko plaiwudi, na kwenye miji midogo haupatikani. Hapo fundi anaweza kujitengenezea bamba jembamba la saruji na mchanga, moja kwa tatu, unene wa sentimita 2 na nusu, na wavu wa faibaglasi katikati. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwa ajili ya chumvi, na bamba lifunikwe magunia yenye maji kwa wiki ya kwanza, kisha lisibebeshwe vigae kabla ya siku 28. Likitundikwa, liachiwe nafasi nyuma yake upepo upite, kwa skrubu zisizoshika kutu. Vigae vibandikwe kwa gundi ya unga ya vigae vya nje; gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa maji. Kama ni meza, ilalie upande mmoja kidogo ili maji yasituame. Na mwenye shaka na ubao wowote anaoonyeshwa dukani aombe kipande cha ukubwa wa kiganja, apime unene wake, akiloweke kwenye ndoo wiki nzima, kisha apime tena.

Kamati za shule, misikiti, makanisa na wenye hoteli wanaolipia kazi hizi huulizwa wachague picha na rangi tu. Waulize wao pia. Waandike kwenye makubaliano aina ya mgongo, aina ya gundi na siku za kukaushia, na waikatae plaiwudi hata ikiletwa bure.