Kabla ya Kununua Maua ya Ndani, Pima Kwanza Mwanga wa Nyumba Yako

Hongera, umehamia. Makochi yameshapata mahali pake, mapazia yametundikwa, na ile kona kati ya TV na mlango inaonekana tupu. Unashika simu, unatafuta maua ya ndani, na jibu linakuja haraka: weka karibu na dirisha la kusini. Ngoja kwanza! Ushauri huo uliandikiwa mtu wa London au Chicago, si wa Mbagala wala Kisumu.

Jua letu si kama la kwao

Ulaya jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana dirisha la kusini huko ni mali. Sisi tuko karibu na ikweta. Dar es Salaam, jua la saa sita mchana mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, Desemba huwa kusini, na mara mbili kwa mwaka hupita juu kabisa ya paa. Kwa kuwa mchana liko juu sana, upenu wa paa hulizuia lisiingie ndani. Jua linaloingia kweli ni la dirisha la mashariki asubuhi, ambalo ni la upole, na la dirisha la magharibi alasiri, ambalo linaweza kuunguza majani.

Macho yako yanakudanganya

Nje, mchana wa jua kali, mwanga hufika kama luksi 100,000. Ukirudi nyuma mita tatu kutoka dirishani, mara nyingi unabaki na mia kadhaa tu. Wewe huoni tofauti kubwa hivyo kwa sababu macho hujirekebisha. Mmea haujirekebishi namna hiyo: mwanga ndio unaouwezesha kutengeneza chakula chake, na ukipungua sana unaanza kula akiba hadi iishe.

Kipimo chake ni rahisi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono juu yake, kama sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mwingi. Kikiwa na ukungu lakini vidole vinaonekana, ni wa wastani. Usipokiona vizuri, ni hafifu.

Sasa chagua

Kwa mwanga hafifu, tafuta Zamioculcas, ambayo wauzaji wengi huiita ZZ. Ni mmea wa kwetu, huota wenyewe Kenya na Tanzania, na ng'ambo wengine huuita Kito cha Zanzibar. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji, hivyo hata ukisafiri wiki mbili utaukuta mzima. Mwenzake ni Sansevieria, ule wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Huu hufungua vitundu vya majani yake usiku badala ya mchana, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana.

Kwa mwanga wa wastani, na kama unaishi kwenye ubaridi kidogo kama Lushoto, Arusha au Nairobi, jaribu urujuani wa Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka Ujerumani mwaka 1892, na leo umeenea madirishani duniani kote. Asili yake ni miamba yenye kivuli msituni, kwa hiyo usiuweke kwenye jua la moja kwa moja.

Eti husafisha hewa?

Mwaka 1989 watafiti wa NASA walionyesha kwamba mimea hupunguza kemikali hewani, lakini walifanya hivyo ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Nyumba yako ina madirisha. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walikusanya matokeo ya tafiti zilizotangulia, wakakokotoa kwamba ili ifikie kazi inayofanywa na upepo wa kawaida wa jengo, mimea ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kingetaka angalau miche 120. Utalala wapi? Fungua dirisha tu.

Na ile hofu kwamba mmea chumbani usiku utakumalizia oksijeni? Ni kweli mimea hupumua usiku, ila mtu unayelala naye anatumia nyingi zaidi kuliko chungu chako cha maua.

Hatari za kweli

Hatari zipo, ila ni nyingine. Ya kwanza ni maji. Mizizi nayo huhitaji hewa, na udongo ukilowa muda wote huoza. Ingiza kidole, kama bado kuna unyevu, acha kumwagilia. Kisahani cha chini nacho kimwage kila baada ya kumwagilia. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, huzaliana kwenye maji kidogo kama hayo, na Dar es Salaam tunaujua ugonjwa huo.

Ya pili ni sumu. Dieffenbachia, ule wa majani mapana yenye madoa meupe, una fuwele ndogo zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna jani, mdomo humuwasha na kuvimba. ZZ nayo ina fuwele hizo. Kama nyumbani kuna anayetambaa, iweke juu asikofika. Ikitokea ametafuna, mtoe mabaki, msuuze mdomo, na akishindwa kumeza au kupumua vizuri mkimbize hospitali.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa muuza miche, nenda ukiwa na majibu matatu: kivuli chako kilikuwaje, dirisha linatazama wapi, na nani nyumbani hutia kila kitu mdomoni. Baada ya hapo ndipo uchague rangi ya chungu.