Ndizi ni mali ya nyumba, rubisi si ya mtoto

Katika vijiji vya Nyaishozi, wilayani Karagwe, watoto wengi huijua harufu ya pombe kabla ya kujua kuandika majina yao. Hawaikuti baa. Wanaikuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba ambayo wao wenyewe wamesaidia kuipalilia.

Hapo ndipo ugumu wa malezi unapoanzia. Rubisi, pombe ya ndizi inayojulikana mkoa mzima wa Kagera, ni kipato cha familia. Dumu likiuzwa, mtoto anapata daftari na sare, na nyumbani chumvi na sabuni zinapatikana. Rubisi ni heshima pia: hupelekwa kwenye posa, harusini na msibani, na wazee huinywa wanapozungumza mambo ya ukoo. Mzazi akimwambia mtoto kwamba kitu kinachomsomesha ni uovu mtupu, mtoto hatamwamini. Akinyamaza, mtoto atajifundisha mwenyewe, na mwalimu wake atakuwa kibuyu.

Kinachohitajika ni mpaka ambao hata mtoto wa miaka sita anaweza kuuona. Bahati nzuri, mpaka huo umo ndani ya kazi yenyewe.

Kazi inavyokwenda

Ndizi za pombe huvunwa zikiwa zimekomaa, kisha huvundikwa siku kadhaa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba mpaka ziive. Humenywa na kuwekwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Ndipo hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume, mpaka maji yake matamu yatoke. Huongezwa maji kiasi na kuchujwa.

Mpaka hapo kilichopo ni juisi. Ni tamu, na mtoto akipewa kikombe ikiwa safi na imetengenezwa kwa maji salama, hakuna ubaya.

Baada ya hapo huongezwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na mchanganyiko huachwa uchache. Hamira ya asili hula sukari ya ndizi na kuigeuza kileo. Kufikia kesho yake, kinachotoka humo ni pombe.

Mpaka uko kwenye mtama

Kwa hiyo kanuni ya nyumba inaweza kuwa fupi: kabla ya mtama, mtoto anaweza kusaidia na kuonja, mtama ukishaingia, mtoto anaondoka. Haonji, hachoti, hapimii wateja, wala hatumwi kupeleka dumu kilabuni.

Kuna tahadhari moja. Juisi iliyosahaulika kwenye dumu huchacha yenyewe hata bila mtama, hasa siku ya joto. Mama anayewawekea watoto juisi ya jana anaweza kuwa anawapa pombe bila kujua. Juisi ya watoto itolewe mapema, iwekwe kwenye chombo chake, inywewe siku hiyohiyo. Ikianza kutoa povu au kuwasha ulimi, si yao tena.

“Kaonje kidogo tu”

Mara nyingi anayevuka mpaka huo ni mtu mzima mwenye upendo: babu anayempakata mjukuu na kumlambisha, au mjomba anayecheka kuona mtoto akikunja uso. Wengine humpa mtoto pombe ili alale.

Mwili wa mtoto ni mdogo na ini lake halijakomaa, hivyo kiasi ambacho mkubwa hakihisi kinaweza kumshusha mtoto sukari ya damu na kumfanya alegee. Ubongo nao huendelea kukua hadi baada ya miaka 20, na kileo huvuruga kumbukumbu na usikivu ambao mwanafunzi anauhitaji darasani. Anayeanza kunywa mapema pia yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mlevi ukubwani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa mama mjamzito, kileo anachokunywa humfikia mtoto tumboni.

Kwa gongo, hatari ni kubwa zaidi. Ni kali, kuitengeneza kienyeji ni kosa kisheria, na ikichanganyika na methanoli inaweza kupofusha au kuua. Isihifadhiwe nyumbani, hasa kwenye chupa ya soda au ya maji.

Sheria inasemaje

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na ni marufuku kumuuzia pombe. Sheria hiyo inataja pia kazi za baa miongoni mwa kazi za hatari kwa mtoto. Kumweka binti wa darasa la sita ahudumie walevi jioni si kumfundisha biashara. Ni kumweka mahali ambapo anaweza kushikwashikwa, kutukanwa na kuzoea mambo yasiyo ya umri wake.

Si Karagwe peke yake

Familia nyingine duniani huishi kwa kinywaji. Huko Uswisi, katika vijiji vya Lavaux vinavyozungumza Kifaransa kando ya Ziwa Geneva, watu hulima zabibu za mvinyo kwenye matuta ya mlimani. UNESCO iliyaingiza mashamba hayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2007. Hata huko, pamoja na fahari yote hiyo, sheria hairuhusu kumuuzia mvinyo aliye chini ya miaka 16, wala pombe kali aliye chini ya miaka 18. Kulima ni jambo moja, kunywa ni jingine.

Pa kuanzia

Baba na mama wakubaliane kwanza, kisha wamweleze babu na bibi kwa heshima, kabla ya siku ya kukamua. Pombe ikae kwenye chumba kinachofungwa, na wateja wasihudumiwe mahali watoto wanaposomea. Mtoto afundishwe kupalilia, kuchagua machipukizi na kupiga hesabu ya dumu zilizouzwa, ili aijue mali ya nyumbani bila kuinywa. Pia aone kwa macho yake fedha ya rubisi ikinunua daftari lake. Baba akiinywa yote, hakuna kanuni ya nyumba itakayoaminika.